Nyuso, kingo na vipeo vya piramidi: hesabu kwa vijiti vya mishkaki

Kila tukifika kwenye maumbo, watoto wanaokuja kwangu jioni kwa tuisheni hapa Malindi waja na jibu moja tu kichwani: piramidi ina nyuso tano, kingo nane, vipeo vitano, bas. Ukiwauliza piramidi ipi wanakuangalia tu, maana kwao piramidi ni ile ya Misri peke yake hakuna nyingine. Sasa mtihani ukileta piramidi yenye kitako cha pembesita mtoto anaandika tano nane tano vilevile, anakosa maksi zote tatu, na mzazi anasema mtoto hajui hesabu. Mtoto hesabu aijua, amefundishwa kukariri tu.

Mimi nasema hivi na nasisitiza, hakuna namba ya kukariri hapa. Kila kitu kiko kwenye kitako, yaani ule uso wa chini ambao piramidi imeukalia. Ukijua kitako kina pande ngapi basi nyuso zajulikana, kingo zajulikana, vipeo vyajulikana, na twaweza kulithibitisha hilo mezani jioni moja kwa vitu vya jikoni. Huu mwongozo nimeuandikia mzazi au dada au kaka mkubwa anayemsaidia mtoto nyumbani, na hata kama wewe mwenyewe shule uliiacha zamani usiogope, fuata tu.

Hatua ya 1: kusanya vitu

Vijiti vya mishkaki pakiti moja, vile vya mwanzi. Kiazi kimoja kikubwa, au kama kiazi kina kazi ya mchuzi basi kanda donge la unga wa ngano gumu gumu. Rula, penseli, makasi, gundi au selotepu, na kipande cha katoni nyembamba, ile ya boksi la biskuti yatosha.

Vijiti kata ile ncha kali uitupe kabisa kabla watoto hawajafika mezani, tafadhali usiruke hapa. Halafu kata vipande vya sm 10, vyote sawasawa, upate 36, kisha vingine 6 vya sm 15 uviweke kando, vyao vina saa yake. Kiazi kikate vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole, 22 hivi.

Hatua ya 2: maneno matatu, haraka

Uso ni ile sehemu bapa unayoweza kuipapasa kwa kiganja. Ukingo ni mstari pale nyuso mbili zinapokutana. Kipeo ni ncha, pale kingo zinapokutana. Kwenye mchezo wetu kijiti ni ukingo, kipande cha kiazi ni kipeo, na uso ni ule uwazi uliozungukwa na vijiti. Neno "upande" tuliache kwa umbo bapa kama mraba au pembetatu, ukilileta kwenye piramidi mmoja atafikiria uso, mwingine atafikiria ukingo, na mtabishana mpaka isha.

Hatua ya 3: jenga

Anza na ndogo kuliko zote. Vijiti vitatu na viazi vitatu, fanya pembetatu mezani. Hicho ndicho kitako. Sasa kila kona ichomeke kijiti kimoja kinachopanda juu, vyote vitatu vikutane kwenye kiazi kimoja hewani. Tayari. Mwambie mtoto ahesabu mwenyewe, wewe nyamaza: vijiti sita, viazi vinne, nyuso nne. Hii ndiyo piramidi ndogo kabisa duniani kwa idadi, hakuna inayoweza kuwa na nyuso chache kuliko hizo, kwa sababu kitako hakiwezi kuwa na pande chini ya tatu.

Wenzangu mliosoma msingi miaka ya 80 hii mwaijua vizuri, ndiyo ile pakiti ya maziwa ya Nyayo, maziwa ya bure ya shule yaliyoanza 1979. Ile pakiti ilikuwa nyuso nne zote pembetatu, ukiiweka vyovyote yakaa. Ukitaka kumwonyesha mtoto wa leo, chukua karatasi uizungushe iwe bomba, bana mwisho mmoja ubapa, halafu mwisho wa pili ubane pia lakini ukikatiza, kama wa kwanza umelala basi wa pili usimame wima. Umepata pakiti. Pakiti hiyo yaonyesha jambo moja la maana, kwamba kwenye piramidi ya pembetatu uso wowote waweza kuwa kitako, igeuze uitakavyo bado ni piramidi ileile.

Sasa jenga ya pili, vijiti vinne chini, vinne juu, viazi vitano. Hii ndiyo stail ya Misri. Vijiti vinane, viazi vitano, na nyuso... hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana hapa ndipo wengi hukosa. Juzi mtoto wa kaka yangu alihesabu nne akaishia hapo.

"Ami, si nne? Moja, mbili, tatu, nne, nimezunguka zote."

"Iinue basi mwanangu, uitazame kwa chini."

Akainua, akatia mkono kwenye ule mraba. "Na hapa napo kwahesabiwa? Si kumelala mezani hakuonekani."

Kwahesabiwa ndiyo. Kitako ni uso sawa na nyuso zingine, kulala mezani hakukifuti. Kwa hiyo tano. Ukimfunza mtoto kitu kimoja tu usiku huo basi mfunze kuinua umbo na kutazama chini kabla hajaandika jibu, na kama ni picha ya kitabuni aweke kidole kwenye ile mistari ya nukta nukta, maana mchoraji huichora hivyo kuonyesha kingo zilizojificha nyuma.

Utaona pia kitu kingine hapo mezani, ile ya pembetatu imekaza, hata uisukume haichezi, lakini hii ya mraba ukiishika kona mbili ukaisokota yapinda pinda, kitako chaacha kuwa mraba. Si kosa lako. Fremu ya pembetatu tupu hujishika yenyewe, fremu yenye mraba hailali imara mpaka uiongezee kijiti cha mshazari kutoka kona hadi kona. Ndiyo maana mafundi wetu wa mapaa hawakosi kupiga ubao wa mshazari. Ila ukiuongeza kwa ajili ya kukaza usiuhesabu kama ukingo, ukingo ni pale nyuso mbili zinapokutana na pale katikati ya kitako hakuna nyuso mbili.

Ya tatu, pembetano. Vijiti vitano chini, vitano juu, viazi sita. Kingo kumi, vipeo sita, nyuso sita.

Kabla hujaenda mbele chukua rula mpime kimo cha kila moja, kutoka mezani wima mpaka kile kiazi cha juu. Ya pembetatu itakuja kama sm 8.2, ya mraba kama sm 7.1, ya pembetano kama sm 5.3. Unaona zinavyoinama? Vijiti ni vilevile vya sm 10 lakini kitako kinavyopanuka kilele chashuka. Sasa muulize mtoto, tukienda pembesita itakuwaje? Mwache aseme lolote kisha mjaribu. Vijiti sita chini, sita juu... na kilele kitalala mezani kabisa, bapa, hakuna piramidi. Kwenye pembesita yenye pande sawa umbali kutoka kona mpaka katikati ni sawasawa na urefu wa upande wake, kwa hiyo kijiti cha sm 10 chafika katikati na kuishia hapo hapo, hakina urefu wa ziada wa kupandia. Watoto hupenda sana hapa, wengine hurudia mara mbili tatu wakidhani wamekosea kuchomeka.

Ndio sasa toa vile vya sm 15 vilivyokuwa kando, viweke juu badala ya vile vya 10, na piramidi ya pembesita itasimama vizuri kama sm 11 hivi. Kingo 12, vipeo 7, nyuso 7. Na ukitaka kujua ya pande saba au nane ukumbuke tu vijiti vya kupanda lazima viwe virefu kuliko umbali wa kona mpaka katikati ya kitako.

Hatua ya 4: kanuni itoke kwa mtoto mwenyewe

Usiiandike wewe. Mpe karatasi aandike alichohesabu: pembetatu nyuso 4 kingo 6 vipeo 4, mraba 5, 8, 5, pembetano 6, 10, 6, pembesita 7, 12, 7. Atazame. Watoto wengi wataona wenyewe kwamba nyuso na vipeo ni sawa kila mara, na kwamba ni idadi ya pande za kitako ukiongeza moja, na kingo ni pande za kitako mara mbili.

Akishaiona mweleze kwa nini, maana kanuni bila sababu husahaulika ikifika likizo. Kila upande wa kitako umesimamisha pembetatu moja juu yake, kwa hiyo pembetatu ni nyingi sawa na pande, halafu ongeza kitako chenyewe, ndio ile moja. Kila kona ya kitako ni kipeo, halafu ongeza kilele, ndio moja tena. Na kingo, zile za chini ni sawa na pande, na kila kona imetuma ukingo mmoja juu, kona ni nyingi sawa na pande, kwa hiyo mara mbili. Hakuna kingine kilichofichika. Kitako kikiwa na pande 20 basi nyuso 21, vipeo 21, kingo 40, na mtoto hajahitaji kuchora chochote.

Kuna na njia ya kujikagua. Jumlisha nyuso na vipeo, toa kingo, lazima upate 2. Kwa ya mraba 5 na 5 ni 10, toa 8, mbili. Kwa ya pembesita 7 na 7 ni 14, toa 12, mbili. Hii ni ya Leonhard Euler, mwanahesabu aliyezaliwa Basel kule Uswisi mwaka 1707, aliieleza kwenye barua aliyomwandikia mwenzake Goldbach mwaka 1750, na uzuri wake ni kwamba haifanyi kazi kwa piramidi tu, mchemraba pia wakubali (6 na 8 ni 14, toa 12), na maumbo mengine mengi yenye nyuso bapa yasiyo na tundu katikati. Mtoto akiwa na sekunde kumi za mwisho kwenye mtihani akague kwa hii, kama hakupata 2 basi kuna kitu amekiruka, na mara nyingi ni kile kitako.

Hatua ya 5: tembea nje umwonyeshe zisizo piramidi

Mtu haijui piramidi mpaka ajue pia kitu gani si piramidi, na hapa mjini mifano iko tele.

Nguzo ya Vasco da Gama pale kwenye rasi, ile nyeupe yenye msalaba juu. Yachongoka, kweli, lakini ni ya mviringo, mwili wake wote ni duara linalopungua kwenda juu, haina uso bapa wa pembeni hata mmoja wala ukingo wa kupanda. Iko upande wa pia, yaani koni, si piramidi. Mtoto akiuliza kwa nini vyafanana mwambie apanue kitako cha piramidi kiwe na pande 50, 100, 500, zile pembetatu zitakuwa nyembamba mpaka jicho lisizione, na hapo ndipo piramidi inaikaribia koni.

Nyumba ya makuti ya kawaida, ile yenye paa la pande mbili kubwa na pande mbili ndogo, na juu kuna mgongo mrefu. Hiyo nayo si piramidi, manake kingo za kona hazikutani kwenye ncha moja, mbili zakutana huku na mbili kule, na mgongo wa paa umelala katikati. Ukilifunga kwa chini na kulihesabu utapata nyuso 5, vipeo 6, kingo 9. Nyuso tano! Sawa na piramidi ya mraba. Na lile paa la pande mbili tu, lile la mabati kwenye madarasa, ni mche wa pembetatu uliolazwa, yaani pembetatu mbili sawa zilizounganishwa kwa nyuso za mstatili, nao ni nyuso 5, vipeo 6, kingo 9. Kwa hiyo swali likisema "umbo lina nyuso tano, ni umbo gani" mtoto asikimbilie piramidi, aangalie kwanza wamempa kingo ngapi. Zikiwa 8 ni piramidi ya mraba au mstatili, zikiwa 9 si piramidi.

Ila vile vibanda vya mraba vya kukaa upepo ufukweni, nguzo nne na paa la makuti linalopanda mpaka ncha moja, hizo ndizo piramidi zetu za Malindi. Tutarudi kwa kibanda hicho sasa hivi kwa vipimo.

Na hata kule Misri si zote ni piramidi kwa jicho la jometri. Farao Sneferu, baba yake Khufu, alijengewa moja pale Dahshur ambayo yapanda kwa mwinamo wa kama digrii 54 halafu katikati yavunjika na kuendelea kwa kama 43. Ile ina nyuso nne chini, nne juu na kitako, jumla 9, vipeo 9, kingo 16, jikague, 18 toa 16. Na ile kubwa ya Khufu pale Giza, iliyojengwa ikiwa na kimo cha kama mita 146.6, leo ni kama 138.5 kwa sababu kilele kimebomoka na juu pamebaki bapa, kwa hiyo ukiwa mkali sana ilivyo leo ni piramidi iliyokatwa kichwa, nyuso 6, vipeo 8, kingo 12, idadi sawa na ya mchemraba. Mtihani hauulizi hivyo, lakini mtoto akiliona hilo mwenyewe ujue ameelewa kuliko waliokariri.

Mwinamo wala haubadilishi kitu kwenye kuhesabu. Piramidi za Meroe hapo Sudan, ambazo ni karibu nasi kuliko za Giza, ni nyembamba na zimesimama mno, lakini kitako ni cha pande nne, hesabu ya nyuso ni ileile. Na kilele kikiwa kimeegemea upande mmoja badala ya kuwa katikati, idadi bado ileile, kinachobadilika ni sura za pembetatu, hazitafanana tena.

Hatua ya 6: ya karatasi

Vijiti vyaonyesha kingo na vipeo vizuri, nyuso zataka karatasi. Kwenye ile katoni chora mraba wa sm 6. Tafuta katikati ya kila upande, yaani sm 3 kutoka kona. Kutoka hapo pima sm 5 kwenda nje, wima kabisa, weka nukta. Unganisha nukta na kona mbili za upande ule. Fanya hivyo pande zote nne, utapata mraba wenye pembetatu nne zimeuzunguka. Kata kwa nje tu, mraba usiukate. Kwenye pembetatu mbili zinazotazamana ongeza ulimi mdogo wa gundi kwenye kila ubavu, kisha pitisha ncha ya rula kwenye mistari ya mraba ipate kukunjika vizuri, kunja juu, gundisha.

Hiyo sm 5 usiichague ovyo. Lazima iwe kubwa kuliko nusu ya upande wa mraba, hapa nusu ni 3. Ukiweka 3 kamili zile pembetatu zikikunjwa zalala juu ya mraba na kuufunika wote, hakuna kimo. Ukiweka chini ya 3 hazikutani kabisa, katikati pabaki tundu. Watoto wengi wamerudishiwa mradi wao na mwalimu kwa sababu hii tu, na mzazi amekesha akikata.

Kabla ya kugundisha mwambie mtoto apake rangi, kila uso rangi yake, kitako pia. Ikitandazwa tena nyuso tano zipo mbele yake hazijifichi.

Hatua ya 7: vimo vitatu, na hapa tukae

Hapa ndipo penye kazi, na wakubwa pia hukosea, mafundi wazuri tu nimewaona wakinunua miti mifupi. Kwenye piramidi moja kuna urefu wa aina tatu unaopanda kutoka chini mpaka kileleni, na hautoshani.

Wa kwanza ni kimo chenyewe, kutoka katikati ya kitako wima mpaka kilele. Wa pili ni kimo cha uso, kutoka katikati ya upande wa chini ukipanda juu ya ile pembetatu mpaka kilele. Wa tatu ni ukingo wa kona, kutoka kona ya kitako mpaka kilele. Wa kwanza ni mfupi, wa pili wa kati, wa tatu mrefu, kila mara kwa piramidi iliyosimama sawa. Ukipata jibu ambalo kimo ni kirefu kuliko ukingo, futa anza upya.

Chukua kibanda cha ufukweni, kitako cha paa ni mraba wa mita 6, na kilele kiko mita 4 juu ya kitako hicho. Kimo ni 4. Sasa kimo cha uso, jenga pembetatu ndani ya paa: kutoka katikati ya kitako kwenda katikati ya upande ni mita 3, kwenda juu ni 4, kwa hiyo kwa kanuni ya Pythagoras, ile ya pembetatu yenye kona ya mraba, 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, 9 na 16 ni 25, kipeuo chake (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe yaleta 25) ni 5. Kimo cha uso ni mita 5. Umeona? Ile katoni yetu ni kibanda hiki hiki, sentimita moja kwa mita moja, chomeka kijiti ndani uhakikishe kimo ni sm 4.

Ukingo wa kona sasa: kimo cha uso 5, nusu ya upande 3, 25 na 9 ni 34, kipeuo ni kama 5.83. Kwa hiyo boriti nne za kona zataka mita 5.83 kila moja, na fundi aliyekatiwa boriti za mita 5 kwa sababu mwenye nyumba alipima kimo cha uso, atapungukiwa na karibu futi tatu kila kona. Pima kwa rula ule ukingo kwenye katoni, utasoma sm 5.8.

Eneo la uso mmoja ni nusu ya 6 mara 5, yaani mita za mraba 15. Nyuso nne ni 60. Hapo ndipo makuti yanapowekwa, kitako hakiwekwi makuti, kwa hiyo kwenye kibanda kitako hatukihesabu katika eneo ingawa kwenye idadi ya nyuso tulikihesabu. Muulize fundi wako anaweka kuti ngapi kwa mita moja ya mraba, zidisha kwa 60, umepata oda. Lakini makuti hushuka kidogo kupita nguzo ili maji yasiingie. Ukishusha nusu mita tu kwenye mwinamo, kimo cha uso chawa 5.5 na upande wa chini wawa 6.6, nusu ya 6.6 mara 5.5 ni 18.15, mara nne ni 72.6. Nusu mita imekuongezea zaidi ya mita 12 za mraba za makuti! Ndio maana mtu hununua akaishiwa na paa halijafika mwisho.

Mwinamo wa paa hilo ni kama digrii 53, na makuti yanataka mwinamo mkali namna hiyo ili mvua iteremke upesi. Piramidi ya Khufu yenye kitako cha mita 230 hivi kila upande ina mwinamo wa karibu 52. Vikisimamishwa kwenye picha moja kwa ukubwa sawa ni vigumu kuvitofautisha.

Hatua ya 8: maswali ya mtihani yanavyokuja

"Piramidi ina kingo 14, kitako chake kina pande ngapi?" Gawa kwa mbili, 7. "Ina nyuso 9, ina kingo ngapi?" Toa kitako, zabaki pembetatu 8, basi kitako ni cha pande 8, kingo 16. "Ina kingo 15"? Haipo, kingo za piramidi kila mara zagawanyika kwa mbili, kila wa chini una mwenzake wa juu, kwa hiyo lazima idadi iwe shufwa. Kama umbo lina kingo 15 huenda ni mche wa pembetano, ambao una 5 chini, 5 juu na 5 za kusimama.

"Waya wa kutengeneza fremu nzima ya piramidi": jumlisha kingo zote, za chini na za kona, usitumie kimo cha uso popote. Kwa kibanda chetu ni 4 mara 6, yaani 24, na 4 mara 5.83, yaani 23.32, jumla mita 47.32.

"Eneo la nyuso zote": hapa kitako kimo, 60 na 36, jibu 96. "Eneo litakalopakwa rangi ikiwa piramidi imewekwa chini": 60 tu. Mtoto asome hilo swali mara mbili na apige mstari chini ya maneno "zote" au "imewekwa chini" kabla hajashika rula.